Mabwawa Yalikuwa Tayari, Mashimo Hayakuwa Tayari

Kazi yangu ni kusimamia mabwawa ya majitaka ya mji mdogo ulio kando ya Ghuba ya Mwanza. Ni mji wa kawaida kwa ukanda huu wa Ziwa Victoria: stendi, soko, machinjio, kituo cha afya, shule, nyumba za wageni zilizopangana barabarani, na chini kabisa mwalo, yaani ufukwe wanakoshushia dagaa. Bomba la kukusanya majitaka halipo hata moja. Kinyesi cha mji mzima kinakaa ardhini, kwenye vyoo vya shimo na makaro, mpaka mwenye nyumba aite gari la kunyonya.

Naandika haya kwa sababu miji mingi midogo ya ukanda wetu inajengewa au inapangiwa mabwawa kama haya, na naiona ikielekea kupita njia ileile tuliyopita sisi. Kwetu mabwawa yamekuwa sehemu nyepesi ya kazi. Sehemu nzito iko uani kwa watu, ndani ya shimo ambalo fundi alilichimba bila kuwaza kwamba siku moja litajaa.

Nilipokabidhiwa funguo, kila kitu kilikuwa kipya. Kingo zimepangwa mawe, mabomba ya kupitisha maji kutoka bwawa hadi bwawa yamekaa sawa, vitanda vya kukaushia tope vina mchanga msafi juu ya kokoto. Kilichokosekana ni majitaka yenyewe. Wiki iliweza kupita lango halijafunguliwa. Na bwawa likikaa bila kupokea maji, jua na upepo wa huku hulikausha, sakafu yake ya mfinyanzi ikapasuka. Ufa ukishaingia, siku majitaka yakija yatapenya ardhini kabla ya kusafishwa. Ikabidi tuvute maji ya ziwa kwa pampu ili kulinda sakafu ya bwawa la majitaka. Hilo liliniuma sana, maana wakati huohuo mjini vyoo vilikuwa vimejaa mpaka karibu na tundu.

Nikaanza kuzunguka mitaani na afisa afya wa kata. Aliyenifungua macho zaidi ni mzee mmoja anayepakua vyoo kwa mikono, kazi aliyoifanya tangu ujana wake. Tulimkuta nyuma ya nyumba moja karibu na soko. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa yale mabwawa?" Nikamwambia ndiye. Akachukua mti mrefu ulionyooka, akauzamisha taratibu kwenye tundu la choo mpaka ukagota, akauacha kidogo, kisha akauchomoa na kuulaza kwenye majani.

"Angalia," akasema, akionyesha kwa kidole bila kugusa. Kipande cha juu cha mti kilikuwa kimelowa tu, maji ya kahawia yakichuruzika. Kipande cha kati kilishika tope laini. Kipande cha chini, karibu urefu wa mkono, kilikuwa na tope zito lililochanganyika na mchanga, na limeng'ang'ania. "Hapa juu gari lako linavuta. Hapa kati linavuta ukimwaga maji ukakoroga. Hapa chini ni jembe na ndoo tu. Sasa mwenye nyumba akilipa gari likavuta hapa juu likaondoka, mwezi wa pili choo kimejaa tena. Ataita gari tena huyo?"

Maneno yale yalinifundisha kuliko michoro yote niliyokabidhiwa na funguo. Tangu siku ile hatutumi gari kabla ya kupima shimo kwa mti.

Halafu akatoa alichokuwa ameshaopoa asubuhi ile: magunzi ya mahindi, vipande vya nguo, pedi, chupa, mifuko ya plastiki, kiatu cha mtoto. Mji ambao taka ngumu hazizolewi, shimo la choo ndilo jalala. Gunzi moja likikaa vibaya kwenye mdomo wa bomba la kunyonya, kazi inasimama, dereva anashuka, utingo anatia mkono. Tena magunzi yanajaza shimo kuliko mtu anavyodhani. Wataalamu wa vyoo hukadiria kwamba shimo lenye majimaji, ambalo watumiaji wake hujisafisha kwa maji, hujaa kwa lita 40 hivi kwa kila mtu kwa mwaka. Shimo kavu ambalo watu hujisafishia magunzi na makaratasi hufika lita 90. Familia ileile, shimo la ukubwa uleule, na muda wa kujaa unapungua zaidi ya nusu. Ndiyo maana kwetu mjadala wa majitaka umekuwa pia mjadala wa dampo na mkokoteni wa taka, na afisa yeyote anayeutenganisha anajipa kazi mara mbili.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Anayeijua Mwanza anajua majabali yake. Huku kwetu pia, mlimani unachimba mita moja na nusu unagonga mwamba, kwa hiyo watu wamejenga vyoo vya kupanda ngazi, shimo likiwa nusu ardhini nusu juu. Njia za kufika huko ni za miguu na mbuzi. Gari halipandi, na bomba lake halifiki. Bondeni, karibu na mwalo, kuna tabu ya aina nyingine: unachimba kidogo unakutana na maji. Masika yakikolea, maji ya ardhini yanapanda, na choo kinajaa bila mtu kukitumia.

Na mashimo mengi hayakujengewa kuta. Udongo mtupu. Shimo la namna hiyo linashikiliwa na kilichomo ndani. Ukilinyonya lote, kuta zinaporomoka, pengine na kibanda juu yake. Madereva wanalijua hilo, na ndiyo sababu wengine hukataa kazi wakifika wakakuta shimo la udongo. Mama mmoja mjane alinieleza kwa uchungu kwamba gari lilifika, likapiga honi, likaondoka, na nauli ya kuja akadaiwa. Sikuwa na la kumjibu siku ile zaidi ya kumpa pole.

Sasa mtu wa namna hii, choo kimejaa, gari halimfikii au limemkataa, anafanya nini? Anasubiri mvua. Mvua kubwa ya usiku ikianza, anazibua tundu lililotobolewa ubavuni mwa shimo, na tope linashuka na maji ya mvua kwenye mtaro. Kutapisha choo, ndivyo watu wanavyosema, na si Mwanza tu. Dar es Salaam wanalijua vizuri. Asubuhi mtaro umesafishwa na mvua, hakuna harufu, hakuna shahidi. Lakini mtaro wetu unamwaga mwaloni, mahali ambapo akina mama wanaosha vyombo na watoto wanaoga.

Hapo ndipo ninapopaza sauti kila ninapopewa nafasi kwenye mkutano wa mtaa. Watu wetu wanaogopa kipindupindu, na wana haki ya kukiogopa, kwa sababu kinaua haraka na kinaonekana. Kichocho hawakiogopi, kwa sababu kinakwenda polepole. Mayai ya minyoo ya kichocho cha tumbo hutoka na kinyesi cha mgonjwa. Yakifika kwenye maji yasiyo ya chumvi, kama ya ziwa hili, yanaanguliwa, kijidudu kinatafuta konokono wa majini, kinaongezeka ndani yake, na baada ya wiki kadhaa vinatoka vijidudu vingine vinavyopenya ngozi ya mtu. Huhitaji kunywa maji. Kusimama ndani ya maji ukiosha dagaa kunatosha. Shuleni watoto hupewa dawa ya prazikwantel, nayo inaua minyoo waliomo mwilini, lakini haimkingi mtoto asiambukizwe upya akirudi kuoga mwaloni jioni. Mnyororo huo hukatika pale mayai yanapozuiwa yasifike ziwani. Kwa hiyo ninapobishana na mtu kuhusu tundu la ubavuni mwa choo, ninamfikiria mtoto wa jirani yake.

Wengine huniambia ziwa ni kubwa, linameza kila kitu. Ni kweli ni kubwa, kilomita za mraba zipatazo 68,800. Lakini maji yetu ya kila siku hayatoki katikati ya ziwa. Yanatoka ghubani, na ghuba ni nyembamba na ina kina kifupi. Tena maji ya ziwa hili huingia zaidi kwa mvua na kutoka zaidi kwa mvuke, na mto unaoyatoa ni mmoja tu, Nile, kule Jinja. Mvuke haubebi uchafu. Naitrojeni na fosforasi zinazoingia hubaki kwa muda mrefu, zikilisha magugu maji na ule mwani unaofanya maji ya ufukweni yawe ya kijani mpaka mvuvi anaona kinyaa kuyanawa.

Tulichofanya kwanza hakikuhusu mabwawa kabisa. Tuliomba mipira mirefu zaidi ya kunyonyea. Tukapata pikipiki ya magurudumu matatu iliyofungwa tangi dogo, pamoja na pampu ya mkono ya bomba la plastiki inayoingia kwenye tundu la choo, kifaa ambacho kimeshatumika kwenye makazi ya msongamano ya Dar es Salaam. Pikipiki inapita pasipopita gari, inashusha tope kwenye gari lililosimama barabarani, inarudi. Yule mzee wa mti na wenzake wakapewa mabuti, glavu, chanjo na kazi inayofanyika mchana. Nasisitiza mchana. Walikuwa wakifanya kazi usiku kwa aibu, na kazi ya usiku huishia kwenye shimo la pembeni linalofukiwa haraka, au mtaroni.

La pili lilikuwa malipo. Gari hutoza kwa tripu, liwe limejaa au nusu. Mwenye choo kidogo alikuwa analipia tangi zima. Mwenyekiti wa mtaa akapendekeza majirani wajiorodheshe, gari likija linyonye vyoo viwili vitatu vya jirani kwa tripu moja na gharama igawanywe. Ni utaratibu mdogo usiohitaji mhandisi. Ndio uliofungua lango la mabwawa kuliko jambo lingine lolote, na sifa zake ni za yule mwenyekiti.

Mlimani kabisa, pasipofikika hata kwa pikipiki, bado hatujapata jibu la kudumu. Jijini Mwanza wamelaza mabomba membamba yanayofuata mteremko kwenye vilima kama Igogo na Mabatini, nyumba kadhaa zikiunganishwa kwenye chemba moja, na maji yanashuka yenyewe. Mteremko unaotusumbua sisi, wao wameufanya pampu. Natamani tufike huko, ingawa mfumo ule unadai nyumba ziwe na maji ya kutosha ya kusukuma uchafu, na kilima chetu bado kinachota maji kwa ndoo.

Magari yalipoanza kuja kwa wingi, nikajifunza upande wa pili wa kazi, yaani mabwawa yenyewe. Bwawa la majitaka ni kitu hai. Hulishwa kwa kipimo kama ng'ombe. La kwanza kwetu lina kina kirefu, halina hewa, na vijidudu vyake huozesha uchafu bila oksijeni. Unaona mapovu yakipanda. La pili ni la kina cha mita moja na nusu hivi, na ndilo moyo wa kazi. Mwani wa kijani hutengeneza oksijeni kwa jua, vijidudu huitumia kuula uchafu, na vinatoa hewa ya ukaa ambayo mwani unaihitaji. La mwisho ni la kina kifupi ili jua lifike chini. Mchana mwani ukifanya kazi sana, maji huacha uchachu na kuelekea upande wa magadi, pH, kipimo cha uchachu na magadi, ikapanda hata kuzidi 9, na hali hiyo pamoja na miale ya jua huua vimelea vingi vya magonjwa. Mayai ya minyoo, kwa kuwa ni mazito, huzama yenyewe maji yakipewa siku za kutosha kutulia. Hakuna umeme wala dawa. Ndiyo maana naupenda mfumo huu kwa miji kama yetu, na siwaelewi wanaotaka mitambo ya kupulizia hewa mahali ambapo umeme hukatika.

Ugumu ni kwamba kinachokuja kwa gari si sawa na kinachokuja kwa bomba. Majitaka ya bomba huwa na uchafu wa kuoza, ule unaopimwa kwa BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu huhitaji kuuozesha, wa miligramu 200 hadi 400 kwa lita. Tope la choo linaweza kuwa kali mara 10 hata mara 100 ya hapo, wakati maji yanayotoka mwishoni yanatakiwa na viwango vya Tanzania yasizidi BOD ya miligramu 30 kwa lita. Kwa hiyo tope zito la vyoo vya shimo linakwenda kwanza kwenye vitanda vya mchanga, maji yake yanachuja chini na kuelekea bwawani, tope linabaki juu kukauka. Maji mepesi ya makaro ndiyo yanaweza kuingia bwawa la kwanza moja kwa moja.

Kipimo changu cha kila asubuhi ni pua na macho, kabla ya chupa ya sampuli. Bwawa la pili likiwa kijani kibichi, nina amani. Likiwa la kijivu, nina wasiwasi. Kuna mwaka, siku chache baada ya Idd ya kuchinja, nilifika nikalikuta limegeuka rangi ya pinki iliyokoza, inayokaribia zambarau, tangu ukingo hadi ukingo, na harufu ya mayai viza imefika barabarani. Wapita njia walidhani mtu amemwaga rangi. Rangi hiyo ni ya bakteria wanaostawi pale oksijeni inapokwisha na salfa kuzidi. Ni bwawa linalosema limelishwa kupita kiasi. Tukafuatilia kwenye kitabu cha lango. Magari mengi mfululizo, na kati yake yaliyobeba damu ya machinjio iliyochanganywa na maji ya kuoshea. Damu mbichi ina BOD inayozidi miligramu 100,000 kwa lita. Mapipa machache tu yanatosha kuangusha bwawa la mji mdogo.

Tulifunga njia ya kuingia bwawani, kila gari likaelekezwa kwenye vitanda, na tukaazima pampu ndogo ya umwagiliaji kurudisha maji ya kijani ya bwawa la mwisho kwenye bwawa la pili ili mwani uanze upya. Ilichukua wiki kadhaa kurudi kijani. Machinjio sasa wana mfereji wa kukusanyia damu peke yake kabla sakafu haijaoshwa, na wanaichakata na samadi ya matumbo. Magari ya gereji tunayakataa langoni, maana utando wa oili chafu huziba jua na hewa. Dereva akiniambia amebeba karo la nyumba ya wageni, nafungua kifuniko ninuse kwanza. Wengine wanakasirika. Nawaheshimu, lakini nanusa.

Kazi nyingine ambayo haiandikwi kwenye bajeti ni jembe na fyekeo. Majani yakiachwa yaote ukingoni yakaingia majini, mbu wanazaliana kwenye kivuli chake, na konokono wale wa kichocho wanajishikiza kwenye mashina yake. Tungekuwa tumejenga kwa gharama kubwa kitu cha kuzuia kichocho, halafu tukakifuga wenyewe kwa kukosa vibarua wawili wa kufyeka. Kila ninapoulizwa na wageni kutoka halmashauri nyingine wanachotakiwa kukitengea fedha, nawatajia fyekeo kabla ya maabara.

Tope lililokauka wakulima wa bustani wanalitaka sana, na nawaelewa, mbolea ni ghali. Lakini mayai ya minyoo wa tumbo hustahimili ukavu na yanaweza kukaa hai kwenye udongo kwa miaka. Kwa hiyo tope linalotoka kitandani hatulitoi kwa mchicha wala nyanya. Linalundikwa muda mrefu, kisha linakwenda kwenye miche ya miti na majani ya ng'ombe, na linafukiwa. Vijana wanaovua sato kwenye bwawa la mwisho nimewasihi sana, na hatimaye tumeweka uzio.

Kwa anayejenga choo mwaka huu katika mji kama wetu, haya ndiyo ninayoomba umwambie fundi wako. Chagua mahali ambapo mpira wa gari utafika kutoka barabarani, usiwe nyuma ya vyumba vyote. Kama uko bondeni ambako maji ya ardhini yako karibu, usichimbe kwenda chini. Inua shimo juu ya ardhi na ulijengee. Jengea kuta kwa tofali au mawe hata kama pesa ni ndogo, ni afadhali shimo fupi lililojengewa kuliko refu la udongo. Usijenge ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa, sheria ya mazingira ya 2004 imekataza. Weka ndoo ya taka chooni ili pedi na makaratasi visiingie shimoni. Na uache mfuniko unaofunguka, mpana wa kupitisha mpira na mkono wa mtu, usiowekewa zege juu yake, kwa sababu tumeshavunja sakafu nyingi za watu tukitafuta shimo lilipo.